Kuchagua Bunduki Nzito ya Kuwindia Wanyama Hatari

Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza bunduki ya kuwindia nyati, kiboko au tembo huvutiwa kwa urahisi na kaliba (upana wa risasi na mtutu, unaopimwa kwa inchi) kubwa kuliko inayomfaa. Mwindaji anayeogopa teke la bunduki yake, yaani inavyomsukuma begani inapofyatuka, hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, risasi ikatua tumboni badala ya begani, na nyati aliyepigwa hivyo huingia kichakani akiwa hai, mahali ambapo lazima mtu amfuate. Ndiyo maana nimezipanga bunduki hizi kwa kutazama kwanza ipi mtu anaweza kulenga nayo bila woga, kisha nguvu yake.

Nafasi ya kwanza naipa .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Risasi yake ya gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, na mwendo wake umenyooka kiasi cha kumfaa hata anayemlenga pofu, yule swala mkubwa, aliye mita 200 mbele yake. Nchi kadhaa za Afrika zimeifanya kaliba hii kuwa kiwango cha chini cha kisheria kwa wanyama hatari, jambo linalowafanya wengine waidharau. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa kwa teke lake la wastani mtu anaweza kufanya mazoezi mara nyingi bila kuumia bega.

Inayofuata ni .416 Rigby ya mwaka 1911, ambayo hurusha risasi ya gramu 26 kwa takriban mita 725 kwa sekunde. Ganda lake (kikopo cha chuma kinachobeba baruti) ni pana na hupunguza mgandamizo ndani ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hivyo hata kwenye joto kali ganda tupu hutoka bila kukwama. Anayeimudu .375 kikamilifu na anawinda nyati zaidi ya wanyama wengine asisite kuichukua.

Ya tatu ni .458 Winchester Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1956. Ganda lake ni fupi, na baruti iliyoshindiliwa humo katika matoleo ya zamani iliweza kugandamana na kupunguza kasi ya risasi. Ukiipenda kaliba hii, nunua bunduki ya .458 Lott, ambayo ganda lake ni refu zaidi na chemba yake hupokea pia risasi za .458 Winchester.

Bunduki ya mitutu miwili ya .470 Nitro Express naiweka mwisho, ingawa ni silaha nzuri sana na hutoa risasi ya pili papo hapo. Mitutu yake hulinganishwa kiwandani kwa aina moja tu ya risasi, na ukibadilisha aina hiyo kila mtutu unaweza kupiga mahali pake. Isitoshe, bei yake ni kubwa mno kwa mnunuzi wa kwanza.

Kwa bunduki za bolti, yaani zile zinazopakiwa kwa kuvuta na kusukuma komeo la chuma kwa mkono, kaliba pekee haitoshi. Tafuta mfumo wa Mauser 98, wenye ukucha mpana unaoushika ukingo wa ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, kabla haijaingia chembani. Omba risasi za mazoezi zisizo na baruti, ujaze magazini, kisha uivute bolti polepole, halafu kwa nguvu, halafu bunduki ikiwa imeinamishwa upande. Ikisita hata mara moja, irudishe. Bolti ya kusukuma, isiyoishika risasi hadi iingie chembani, inaweza kukwama mwenye bunduki akiivuta nusu kwa hofu na kuisukuma tena.

Mwisho, fumba macho, iweke bunduki begani, kisha uyafumbue: vilengeo vya mbele na nyuma viwe tayari vimepangana mbele ya jicho. Visipopangana, kitako hakikufai, na fundi hodari anaweza kukirekebisha. Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, kuanzia mara 1 au 1.5, na ifungwe kwa vishikio vinavyofunguka haraka, kwa kuwa kichakani vilengeo vya chuma ndivyo utakavyovitumia.