Vitabu vya hadithi vya watoto kwenye turubai za mitumba Mbeya: mtu mzima akague nini

Kwenye turubai za mitumba pale Mwanjelwa, katikati ya viatu na mikoba, huwa kuna rundo la vitabu vya Kiingereza ambalo wengi hulipita wakidhani ni vya kuchorea. Ukiinama utakuta riwaya za watoto zilizosomwa Uingereza na Marekani, zikachokwa huko, zikaja na belo. Kwa mtu mzima anayetaka kurudia kusoma, au kunoa Kiingereza chake bila kamusi pembeni, hakuna kinachomfaa zaidi kwa bei hiyo. Hadithi zenyewe hazina shida. Shida ni nakala: jalada linasema hivi, ndani umeuziwa kingine.

Kinachowakamata wengi ni kitabu kilichofupishwa. Fungua ukurasa wa jina, halafu upande wake wa nyuma, pale penye mwaka na jina la mchapishaji. Ukiona "Abridged", "Adapted" au "Retold by", hicho kimekatwa. Ukurasa huo ukiwa umechanika, na huchanika sana, hesabu sura. Treasure Island kamili ina sura 34. Alice's Adventures in Wonderland ina 12, Charlotte's Web ina 22, na kitabu cha kwanza cha Harry Potter kina 17. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwambie tu, "Kaka, ngoja nihesabu," na uhesabu. Vifupisho vinamfaa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, lakini mtu mzima akisoma kimoja atabaki anajiuliza watu walisifia nini. Panga hupita kwenye kejeli za msimulizi, maelezo ya mahali na mazungumzo yasiyosukuma tukio, na huko ndiko mwandishi alikokuwa anamkonyeza mzazi anayemsomea mtoto.

Unene nao unadanganya, hasa kwa kuwa bei hutajwa kwa kupima unene kwa jicho. Harry Potter wa kwanza alitoka Uingereza mwaka 1997 akiwa na kurasa 223. Mwaka uliofuata Marekani ikamtoa kwa kurasa 309, ikabadilisha na jina: Philosopher's Stone ikawa Sorcerer's Stone. Ni hadithi ile ile, iliyopangwa kwa nafasi zaidi na kuongezewa michoro, ila wapo wanaonunua vyote viwili wakiamini wamepata sehemu ya kwanza na ya pili. Kama macho yako yameanza kudai miwani, au unasoma usiku kwa taa hafifu, chukua cha Kimarekani. Kwa kitabu kizima kisicho na harufu, shilingi 3,000 hadi 5,000 ni bei ya haki. Mgongo ukiwa umeshapasuka, nusu yake.

Halafu kuna suala la mfululizo. Turubai haina oda, unanunua kilichopo. Potter ni vitabu 7 vinavyoshikana, na cha tano bila cha nne ni kujitafutia hasira. Goosebumps vya awali ni 62 na Famous Five ni 21, na humo kila kitabu kinajitegemea, kwa hiyo okota chochote. Narnia ndiyo yenye mtego. Viko 7, vilitoka kati ya 1950 na 1956, lakini matoleo ya tangu miaka ya 1990 yamepewa namba kwa kufuata mpangilio wa matukio. Namba 1 mgongoni ni The Magician's Nephew, ambacho kilitoka cha sita. Ukianza nacho unaelezwa kabati la kuingilia nchi ya Narnia na taa iliyosimama msituni mwake vilikotoka kabla hujakutana navyo, na mshangao wote umekwisha. Anza na namba 2, nenda 4, 5, 6, ndipo urudi 3 na 1, umalizie 7. Huo ndio utaratibu vilivyotoka, na hakuna sababu nzuri ya kuuacha.

Sasa mwili wa kitabu, maana huku kwetu hali ya hewa inauhukumu. Vitabu hivi vingi havikushonwa. Kurasa zimeshikwa mgongoni na gundi ya kuyeyusha, na baridi huifanya ngumu. Asubuhi ya Julai, iwe Mbeya, Njombe au Makete, usichukue kitabu kinene ukakilaza wazi mezani kwa nguvu: utasikia "pak", na kuanzia hapo kurasa zitatoka mafungu mafungu. Kitabu cha tano cha Potter, chenye kurasa 766 kwa toleo la Kiingereza cha Uingereza, ndicho mgonjwa mkubwa wa ugonjwa huu. Kisimamishe kwa mgongo, laza kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, hivyo hivyo kwa zamu hadi zikutane katikati. Kikishapasuka, pitisha gundi nyeupe ya seremala ndani ya ufa kwa njiti ya kibiriti, uzi mwembamba tu, weka kipande cha nailoni kila upande ili kurasa zisigandane, funga, na ukandamize kwa matofali mawili usiku kucha. Supagluu hukauka ikawa kama kioo na kupasuka upya. Selotepu hugeuka njano na kunasa vumbi.

Nyanda za juu zina ukungu wa aina mbili, na unaoua vitabu ni ule usiokuwa wa asubuhi. Fungua katikati unuse. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika kama kutu ni uzee tu, soma kwa amani. Unga wa kijivu au kijani unaofutika kwa kidole ni ukungu ulio hai, na utahamia kwenye vitabu ulivyo navyo nyumbani. Ukikitaka hivyo hivyo, kipanguse nje kwa brashi kavu huku umejifunga kitambaa puani, halafu kisimamishe kurasa zikiwa zimeachana, kivulini penye upepo, siku mbili tatu. Usikianike juani: jalada litajikunja na karatasi itazidi kuwa njano. Kwa wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo, rafu isigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole viwili vitatu hewa ipite.

Wapo wanaoona haya kushika kitabu chenye mchoro wa mtoto na bundi ndani ya daladala. Haya hiyo si ya Mbeya peke yake: mwaka 1998 Bloomsbury, wachapishaji wa Potter, walitoa nakala zenye jalada la kikubwa kwa ajili ya wasomaji wazima. Kwetu dawa ipo tangu shule ya msingi, ni karatasi ya kaki. Kata inayozidi kitabu sentimita 4 kila upande, chana pembetatu ndogo juu na chini ya mgongo, kunja kingo ndani. Usiigandishe kwenye jalada. Kikiwa ndani ya kaki hata bosi atadhani unasomea cheti.

Upande wa Kiswahili turubai ni dhaifu. Vya watoto utakavyopata ni vyembamba, vya pini mbili katikati, mtu mzima anakimaliza kabla chai haijapoa, na pini zenyewe hupata kutu na kula karatasi. Kinachostahili kuwindwa ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952: majini, ndugu waliogeuzwa manyani, na Kiswahili ambacho mtoto atafuata tukio lake na mzazi atabaki ameshika sentensi moja. Nakala zilizopita shuleni huwa na maana za maneno zimeandikwa kwa penseli pembeni. Usizifute, nyingine ni sahihi kuliko unavyodhani. Na Alice naye alishasema Kiswahili mwaka 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Nakala ya wakati ule ikitokea chini ya rundo, usipoteze muda kuhesabu sura. Uliza bei, na ulipe hiyo hiyo.