Nyumba ya paneli huku Isingiro: ukuta nimeupenda, paa ndo lina maneno

Wengi mnaniuliza inbox kuhusu hii nyumba ya paneli tuliyoweka kwa ajili ya kliniki yetu huku Isingiro, Uganda, upande wa Nakivale kwenye makazi ya wakimbizi, basi naweka yote hapa. Kampuni ni ya Kampala, jina naliacha.

Mzigo wote ulikuja na Fuso moja. Paneli yenyewe ni mabati mawili membamba na katikati yake fomu nyeupe, yaani lile povu gumu jepesi, watu wawili wanainyanyua bila shida. Mafundi wanafunga reli za chuma kwenye slabu ya zege kwa bolti, wanasimamisha paneli ndani ya reli, moja inaingia kwenye mwenzake, wanapiga silikoni kwenye maungio na mambo yanaenda mbio kwelikweli, hakuna kungoja plasta ikauke. Pia hakuna matofali ya kuchoma, na huku kwetu kukavu miti yenyewe iko wapi ya kuchomea tanuru?

Ukuta nawapa alama zote. Jua la saa nane ukiweka mkono ndani ukuta haujapata moto kabisa. Shida ni paa, manake kwenye bei ya kwanza wameweka bati la kawaida, sio paneli, na hilo hawakuambii mpaka uulize. Joto lote linashukia hapo, na dawa nyingi kwenye boksi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, sasa nesi afanye nini? Halafu mvua za Aprili zikaanza, yaani mama kaleta mtoto anakohoa, nesi kaweka stetoskopu kifuani na hasikii kitu, kelele za bati tupu, ikabidi wangoje mvua ipungue ndo ampime. Mtoto mgonjwa anangojea mvua jamani! Tukaongeza hela wakaweka paneli juu, sahizi mvua ikinyesha mnaongea kawaida tu na joto limepungua sana.

Kitu kingine ni slabu. Mafundi wao waliimwaga karibu sawa na ardhi, mvua kubwa ya kwanza maji yakapita chini ya reli mpaka chumba cha sindano. Slabu inyanyuliwe juu ya uwanja na mtaro uchimbwe kuzunguka kabla hujapokea funguo. Na bolti zishike zege vizuri, nyumba nyepesi hivi upepo ukiingia chini ya paa unaibeba.

Moto pia msiupuuze. Hiyo fomu nyeupe inashika moto na moshi wake ni mbaya sana, kwa hiyo sigiri ya mkaa ndani ya nyumba hapana, hata usiku wa baridi, jiko likae nje mbali. Kuna paneli za pamba ya mawe ambayo yenyewe haiungui, bei iko juu na ni nzito zaidi, lakini kwa sehemu wanayolala watu mimi ningelipia hiyo.

Kuna wanaofananisha na vile vibanda vya Better Shelter vya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, vile vya Sweden vilivyosaidiwa na IKEA Foundation. Hapana, ile ni kazi nyingine. Kile kinakuja kwenye maboksi mawili, watu wanne wanakisimamisha siku hiyohiyo bila mashine ya umeme, ndani mita za mraba 17.5, yaani watu watano kwa kipimo cha dharura cha mita za mraba 3.5 kila mmoja, na taa ya sola juu. Familia imefika usiku haina pa kulala, hicho ni kitu kizuri mno. Ila kliniki ya kukaa miaka huwezi kuiweka humo. Na zile nyumba za bati za duara za kambi za polisi, wanazoziita mama ingia pole, waliokulia mle wanajua joto lake, zililetwa kama za muda na watu wakazeeka humo.

Kwa hiyo ningenunua tena? Ndio, ila paa la paneli liandikwe kwenye mkataba toka mwanzo, kimo cha slabu juu ya ardhi kiandikwe, na karatasi ya kuonyesha paneli zilivyopimwa kwa moto waitoe kabla hujalipa deposti. Wakisema wataileta baadaye, tafuta kampuni nyingine, Kampala ziko.