Grafu nyingi za Matplotlib: hili la mizani limeniudhi

Anayeandika Python, lugha ya kuandikia programu, anaijua Matplotlib, zana yake ya kuchorea grafu, sina haja ya kuitambulisha sana. Lililoniudhi ni moja: ukichora grafu nyingi kwenye ukurasa mmoja kwa amri ya plt.subplots, kila grafu inajipangia mizani yake, yaani kipimo cha namba za pembeni.

Nilichora samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya huku kwetu Tanga, kila mwalo na kisanduku chake. Nikachapa kwa rangi, nikaenda nayo kwenye kikao cha wavuvi. Karatasi ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mama mmoja muuza samaki. Akaitazama weee, kisha akaniita: "Mwanangu, sisi na vingalawa vyetu hivi, lini tumelingana na Deep Sea?"

Nilikosa la kujibu. Mstari wa mwalo wao umegota juu ya kisanduku, na wa Deep Sea, ule mwalo mkubwa, vilevile. Tofauti iko kwenye namba za pembeni, zilizobanana kama sisimizi. Kikaoni nani anasoma namba za pembeni? Watu wanatazama mstari!

Dawa yake eti ni kuandika sharey=True, yaani grafu zote zitumie mizani moja ya wima. Sasa kwa nini wameiacha False, tena bila onyo lolote? Ukifungua grafu zaidi ya 20 bila kuzifunga inakuonya kwamba kumbukumbu ya kompyuta inaweza kujaa. Picha ikimpotosha mtu, kimya.

Niliapa kuiacha Matplotlib. Usiku nikaweka True, na Deep Sea ikapanda juu inavyostahili. Lakini mialo midogo ikalala chini kabisa, huoni msimu wa kusi wala wa kaskazi. Hasira zikarudi upya.

Kilichoniokoa ni sharey='row': kila safu ya mlalo inatumia mizani moja. Mialo mikubwa nikaipanga juu, midogo chini, na jamani, kila kitu kikaonekana! Kusi ikianza kuvuma, mistari inashuka safu zote mbili. Kwa miaka yote niliyokaa na jedwali la takwimu za samaki hao sikuwahi kuliona hilo waziwazi namna ile. Hapo naisifu kwa moyo wote, na sidhani kama nitahama.

Ila ile False siikubali, nasema tena. Yule mama karatasi mpya ameipokea, lakini anataka namba za pembeni ziwe kubwa, na ana haki. Hilo nalo inabidi uandike mwenyewe, kwa mfano amri ya tick_params yenye labelsize, yaani ukubwa wa namba.