Miaka minne kwenye dawati la Kiswahili: uzoefu wangu katika kampuni kubwa ya uchapishaji Nairobi

Nilikuwa mhariri wa vitabu vya kiada vya Kiswahili kwa miaka minne katika mojawapo ya kampuni kubwa za uchapishaji hapa Nairobi. Jina lake sitalitaja. Naandika kwa sababu kila mwaka vijana waliosomea Kiswahili na ualimu huniuliza kama waombe kazi huko, na jibu langu halitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Nianze na kilichonifanya nikae muda wote huo. Chuoni nilisoma sarufi na isimu, nikafikiri Kiswahili nakijua. Mwezi wa pili kazini nilipitisha ukurasa wa Gredi ya 4 wenye kifungu kuhusu wavuvi. Kifungu kilitaja ngalawa, na mchoraji alikuwa amechora chombo kizuri chenye tanga na mawimbi. Prufu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, ikaenda kwa msomaji wetu wa mwisho, mzee wa Vanga huko pwani tuliyemwita Mwalimu, aliyekuwa amefundisha maisha yake yote kabla ya kuja kwetu. Akaniita mezani kwake, akaweka kidole juu ya picha. "Mwanangu, hii ni mashua. Ngalawa mirengu yake iko wapi?" Akachukua penseli, akachora zile mbao mbili za ubavuni zinazoishika isipinduke. Picha ikarudi kwa mchoraji. Tangu siku hiyo sijaupitisha ukurasa kwa kusoma maneno peke yake, na kila neno la kitu nililikagua kama kitu chenyewe: ni ungo au ni kapu, ni mtungi au ni chungu. Watoto wa Turkana na Kisii ambao hawajawahi kuiona bahari wangeijua ngalawa kwa picha ile ile. Uzito huo niliupenda, na bado naupenda.

Utajifunza pia kwamba kitabu kina hesabu zake. Karatasi kubwa ya mpiga chapa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu huenda kwa mafungu ya 16. Mswada wa kurasa 166 una kurasa 6 zilizozidi 160. Ama uzipunguze, ama kampuni ilipie fungu zima zaidi, tena katika kila nakala. Nimekaa na mwandishi hadi saa mbili usiku tukiamua shairi lipi libaki na zoezi lipi liondoke. Hapo ndipo utajua nani anamfikiria mtoto na nani anaifikiria bei.

Sasa msimu wa tathmini. Wasioijua sekta hii hawaelewi kwa nini tunachoka hivyo. Tangu 2018 vitabu vya kiada vya shule za umma hununuliwa na serikali, na wachapishaji huvipeleka shuleni moja kwa moja. Zamani shule zilipewa pesa zikanunua zenyewe madukani. Kitabu kisipoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya ukuzaji wa mitaala, soko kubwa limekwisha, na kazi ya miezi mingi inabaki kabatini. Nakala za kutathminiwa hupelekwa bila jina la mwandishi wala la kampuni, ili wanaozikagua wasijue ni za nani. Kwa hiyo unapekua kila ukurasa kuhakikisha hakuna nembo wala jina lililosahaulika. Msimu mmoja nilikuwa na vitabu vitatu kwa wakati mmoja. Wiki mbili za mwisho tulitoka ofisini saa tano, saa sita usiku, wengine wakalala kwenye viti. Tuliahidiwa siku za mapumziko kufidia. Hazikuja. Nilipouliza, niliambiwa wahariri hawalipwi kwa saa. Jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu waliotoa ahadi walikuwa wamekaa nasi usiku ule na walituona.

Vitabu viwili kati ya vile havikupita. Wenzangu watano waliokuwa kwenye mikataba ya mwaka mmoja hawakuongezewa. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutumia programu ya kupangia kurasa. Alipewa barua Ijumaa alasiri.

Mirabaha nayo, yaani fungu la mwandishi kutokana na mauzo ya kitabu chake. Kwetu waandishi walilipwa mara moja kwa mwaka, na hesabu zikichelewa, wao humpigia mhariri kwa kuwa ndiye wanayemjua. Kuna mwalimu mstaafu aliyenipigia kila Jumatatu kwa miezi mitatu. "Mwanangu, nina mgonjwa nyumbani." Idara ya fedha ilinijibu kwamba mambo yanashughulikiwa. Mhariri hana ufunguo wa sanduku la pesa, lakini aibu yote huibeba yeye.

Mengine ni ya kawaida. Mshahara ulinitosha kupanga nyumba na kumsaidia mdogo wangu na karo, ila kijana wa mauzo anayezunguka kaunti kwa gari la kampuni alinipita kwa marupurupu. Bima ya matibabu ilikuwa nzuri. Kila Septemba tulipanga meza kwenye maonyesho ya vitabu Sarit Centre, na nilifurahi kuwaona wasomaji wenyewe wakifungua kurasa.

Ukiitwa kwenye mahojiano, beba maswali yako. Uliza mkataba ni wa muda gani na nini hutokea kitabu kisipopita. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na kipindi cha majaribio kazini hakipaswi kuzidi miezi sita mwanzoni. Yaone hayo yameandikwa. Ahadi ya siku za fidia nayo idai kwa barua, hata kama anayekuahidi ni mtu mwema.

Halafu uliza mhariri aliyekuwa kwenye kiti hicho aliondoka kwa nini. Kijana aliyechukua nafasi yangu alinipigia usiku mmoja kuniuliza swali hilo hilo. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, nikampa nambari ya Mwalimu, nikamwambia asipeleke picha yoyote ya chombo cha baharini kabla mzee hajaiona.