Biblia ya Union maandishi makubwa, ile ya zipu, niliyonunua Moshi mjini

Wapendwa habari za huko, wengi mmeniuliza ile Biblia nyeusi ninayokuja nayo jumuiya nimeitoa wapi na kama inafaa kununua, nikasema ngoja nikae nayo kwanza niisome ndo niseme. Sasa ni miezi saba. Nimeinunua hapahapa Moshi, duka la vitabu vya dini sio mbali na stendi, walisema 38,000 nikaomba wakanipunguzia mpaka 35,000. Tafsiri ni ile ya Union tuliyokua nayo wote, ya mwaka 1952, waliyoitoa kwa kuunganisha tafsiri ya Mombasa na ya Unguja. Maandishi makubwa, utepe mmoja mwekundu, na chini ya kila ukurasa kuna marejeo, yaani mistari mingine yenye maneno yanayofanana. Hayo marejeo ndo yamenifanya niandike.

Niseme ukweli nilivyokua. Mimi ni fundi cherehani, mwezi wa kwanza kwenye msimu wa sare za shule nilimdhamini mwenzangu kwenye kikoba, mtu tumekaa nae miaka, akachukua mkopo akahama mji, simu haipatikani, na marejesho yakanirudia mimi. Hela ya mashine ya ovaloki niliyoiweka kidogo kidogo mwaka mzima ikaishia hapo. Kufika masika nilikua siombi tena, nikifumba macho namuona yeye tu na hasira inapanda mpaka mikono inatetemeka. Biblia nilikua nafungua popote naweka kidole natafuta ahadi, nikipata mstari mtamu nashangilia dakika mbili, nikiangukia kwenye majina ya makabila nafunga.

Siku naingia dukani kulikua na mama mtu mzima kaunta, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, mbona umepoa hivyo, nikajikuta namweleza yote nimesimama pale na mvua inanyesha nje. Hakunihubiria. Alichukua Biblia hii akafungua Kutoka 34 mstari wa 6, akaweka kidole chini kwenye marejeo, akasema anzia hapa ufuate hivi vinakokupeleka, soma ujue Mungu yukoje, ya kwako atayaangalia mwenyewe.

Jamani nimefuata. Pale Kutoka ujue ni baada ya Waisraeli kuabudu ile ndama ya dhahabu, watu wametoka kuokolewa juzi juzi tu wakageuka, Musa kavunja mbao za mawe, na ndo humohumo Musa anaomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Anafichwa kwenye mwamba, na Mungu akipita anajitangaza mwenyewe, kwa mdomo wake: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Nilikaa sana hapo. Kwasababu mimi ningesalitiwa hivyo halafu mtu aniulize wewe ni nani, neno la kwanza kutoka lisingekua huruma. Yeye lilikua huruma, na vigae vya zile mbao bado viko chini ya mlima.

Afu sasa yale maneno hayaishii pale, yanatembea Biblia nzima. Hesabu 14:18 watu wamegoma kuingia nchi, Musa anawaombea kwa kumrudishia Mungu maneno yake mwenyewe, ulisema wewe si mwepesi wa hasira. Nehemia 9:17 wamerudi kutoka utumwani wanakiri dhambi za mababu, yapo. Zaburi 86:15 yapo, 103:8 yapo, 145:8 yapo. Yoeli 2:13 nzige wamemaliza mashamba na nabii anawaambia rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu, sababu anayowapa ni hiyohiyo. Yaani kila kizazi kikiwa kwenye shida yake kinarudi kushika sentensi moja, na mimi nikaishika nikiwa nashona, naisema huku nakanyaga cherehani.

Mchungaji wetu nilipomuuliza akaniambia kwa Kiebrania hilo la si mwepesi wa hasira limeandikwa kama "mrefu wa pua", hasira ina safari ndefu kabla haijafika. Tangu siku hiyo nikilisoma nalisoma polepole.

Yona sasa ndo alinishika. Yona 4:2 anayasema maneno yaleyale ila kwa kulalamika! Anamwambia Mungu, nilijua wewe uko hivyo, ndo maana nilikimbia, kwasababu hakutaka watu wa mji wa Ninawi wasamehewe. Niliweka Biblia chini nikalia, maana huyo nilikua mimi, nilimtaka Mungu wa huruma awe wangu peke yangu na yule dada wa kikoba apate mwingine. Halafu Nahumu 1:3, Ninawi hiyohiyo, maneno yanarudi tena, si mwepesi wa hasira, lakini hapo anaongeza kwamba hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia. Na ukirudi Kutoka 34:7 lilikuwepo tangu mwanzo. Hilo nalo lilinipumzisha kwa namna ambayo sikutegemea, kwamba hela yangu na jasho langu ameviona, hajasema sio kitu, kwahiyo sio lazima mimi niendelee kuibeba ile kesi usiku kucha. Deni bado nalilipa, limebaki la miezi miwili. Ila naomba tena, na nimeanza kumtaja na yeye kwa jina.

Haya, tuje kwenye Biblia yenyewe. Maandishi ni mazuri kweli, umeme ukikatika nasoma kwa mshumaa bila shida, na mama yangu alivyokuja kutoka Kibosho alisoma Zaburi ya 103 mwenyewe mpaka mwisho, alikua ameshazoea kusomewa. Karatasi ni nyepesi mno, kalamu ya rangi inatokea upande wa pili, tumieni penseli. Zipu ilikufa mwezi wa tatu tangu niinunue, mimi nilibadilisha mwenyewe nikaweka ya chuma na inaenda vizuri. Ni nzito kwa kubeba kwenye daladala. Kiswahili chake cha zamani kwa vijana kinasumbua, binti yangu ananiuliza "nalijua" ndo nini, yeye namsomea Biblia ya Habari Njema pembeni, kule wameandika Mwenyezi-Mungu pale ambapo Union ina BWANA kwa herufi kubwa, na tukizisoma mbili pamoja anaelewa haraka.

Mkienda kununua angalieni, zipo zinazofanana jalada kabisa ila ndani hazina marejeo, na bei inakaribiana. Kabla hujatoa hela fungua Kutoka 34 angalia chini ya ukurasa. Na kama yule mama yupo kaunta mumsalimie, mwambieni fundi wa ile siku ya mvua amefika Nahumu.