Makovu na ngozi inayowasha: vitu vya asili vya kununua ukiwa Dodoma

Mvua za Dodoma zikishakatika, kinachofuata ni miezi mingi ya ukavu. Kuanzia Juni upepo hauna simile, asubuhi ni baridi, mchana jua linachoma, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi kiasi kwamba sabuni inakataa kutoa povu. Mwenye kovu bichi, mwenye pumu ya ngozi, au yule ambaye ngozi yake huchachamaa kila anapobadilisha losheni, ndiye anayeumia zaidi. Ngozi inapauka, inakaza, inawasha. Anajikuna, na pale alipojikuna panabaki doa jeusi kwa miezi. Kwa hiyo kabla sijataja jina la mafuta yoyote nasema hivi: huku kwetu unanunua kwanza kitu cha kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Harufu nzuri, rangi na maneno matamu ya kwenye lebo havina kazi hiyo.

Jambo jingine ulijue kabla hujatoa hela. Hakuna mafuta yanayofuta kovu. Kovu hukomaa lenyewe kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, likipoa rangi na kulainika kidogo kidogo. Mafuta mazuri yanalisaidia lisikakamae wala kuwasha katika muda huo, na huo ni msaada mkubwa kwa mtu anayelala usiku akijikuna. Muuzaji anayekuahidi kwamba wiki mbili zinatosha kuliondoa, ama anakudanganya, ama ndani ya kopo lake kuna dawa ya kuchubua.

Nimepanga orodha hii kwa kutazama kwanza usalama kwa ngozi inayosumbuka haraka, kisha ushahidi wa kitaalamu uliopo, kisha urahisi wa kupata kitu chenyewe hapa Dodoma na mikoa jirani. Yote ni ya kupaka juu ya kidonda kilichofunga kabisa. Kidonda kibichi kina utaratibu wake na hakimo humu.

1. Mafuta ya alizeti

Wengi wanategemea niseme kitu cha mbali, lakini namba moja inatoka kwenye mashamba yetu wenyewe, Singida, Kongwa, Kondoa na Mpwapwa. Alizeti ya kawaida ina wingi wa asidi ya linoleiki, na ngozi huitumia asidi hiyo kujenga ule ukuta wake wa juu unaozuia maji kutoka na vijidudu kuingia. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, kwa watoto njiti. Waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko ambao hawakupakwa. Ngozi ya mtoto njiti ndiyo nyepesi kuliko zote, na mafuta yaliyoilinda ile yanastahili kuaminiwa na mtu mzima mwenye kovu.

Linganisha na mafuta ya zeituni, ambayo watu wanayapenda sana na kuyanunua kwa bei kubwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta hayo mawili kwenye mikono ya watu wazima: zeituni yalidhoofisha ukuta wa ngozi, hata kwa watu wasiokuwa na ugonjwa wowote, wakati alizeti yaliuacha salama na kuongeza unyevu. Zeituni yapeleke jikoni.

Ugumu uko kwenye kuchagua chupa. Ukipita barabara ya Singida utaona chupa na madumu ya alizeti yamepangwa kando ya lami, jua likiyapiga tangu asubuhi. Ya kupikia labda, ya ngozi hapana. Mwanga na joto huyachachusha mafuta, na mafuta yaliyochacha ndiyo yanayowasha. Nenda kwenye mashine ya kukamulia yenyewe au duka lenye kivuli, omba yaliyokamuliwa karibuni na kuchujwa vizuri, kisha yanuse. Mazuri yana harufu hafifu ya mbegu. Yakikukumbusha rangi ya mafuta ya kupaka ukutani au karanga zilizooza, rudisha. Usipopata ya mashine, yale yaliyosafishwa ya dukani yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) yanafaa kabisa. Yamepoteza harufu na sehemu ya vitamini E, lakini asidi ya linoleiki imebaki, na kwa ngozi yenye mzio kutokuwa na harufu ni faida. Nunua kidogo, hamishia kwenye chupa ndogo nyeusi au ya kahawia iliyokauka kabisa, weka kabatini.

Paka mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado ina majimaji. Ukisubiri ikauke, unafungia nje maji uliyotaka kuyafungia ndani.

Nje ya orodha: mafuta ya mgando

Mafuta ya mgando yanatokana na petroli, kwa hiyo kwenye orodha ya vitu vya asili hayaingii. Lakini ningekuwa sikutendei haki nikiyaruka. Yale meupe yasiyo na manukato yanazuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko mafuta yoyote ya mmea niliyoyataja hapa, ni nadra sana kumletea mtu mzio, na kopo dogo linapatikana kila duka la mtaani. Kama bajeti yako ni ya kitu kimoja tu na ngozi yako inakataa kila kitu, nunua hilo. Soma lebo: yakiwa na rangi au yananukia kama peremende, acha.

2. Mafuta ya nazi

Haya yanatoka pwani, Tanga, Mafia na Visiwani, hivyo huku yanafika yakiwa yamepita mikono mingi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo inapunguza bakteria kwenye ngozi, na kwa watoto wenye pumu ya ngozi yamewahi kujaribiwa Ufilipino yakaonyesha matokeo mazuri kuliko mafuta ya madini. Kwa kovu la mguuni au mkononi yanafaa sana. Usoni ni habari nyingine: yanaziba vinyweleo, na mwenye chunusi ataongeza makovu badala ya kuyatuliza.

Hali ya hewa yetu inakusaidia kuyakagua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai Dodoma hushuka mbali chini ya hapo. Chupa uliyoiacha dirishani usiku ikaamka bado maji matupu, uliza maswali. Kuganda peke yake hakuthibitishi kwamba ni safi, maana mtu anaweza kuchanganya kidogo na bado yakagande, lakini kutoganda kabisa kwenye baridi ile ni dalili mbaya. Chagua yaliyokamuliwa bila kupikwa: huwa meupe au hayana rangi, na harufu yake ni ya tui. Yale ya njano yenye harufu ya moshi yamepikwa muda mrefu.

3. Mafuta ya ubuyu

Mibuyu imejaa kwetu, na akina mama wa vijijini wanazikamua mbegu zake. Naipenda bidhaa hii na ningefurahi ikipata soko, ila nisikufiche: ushahidi wake kwenye makovu ni mdogo kuliko sifa inayopewa. Inachofanya vizuri ni kulainisha. Yanaingia kwenye ngozi haraka, hayaachi utelezi, na yanachelewa kuchacha kuliko alizeti, kwa hiyo chupa moja inakaa. Rangi yake ni ya dhahabu na harufu ni ya kokwa. Bei ni ya juu kuliko alizeti, na chupa ndogo inatosha kwa kovu la usoni au la shingoni ambapo hutaki kung'aa mafuta.

Angalia usichanganyikiwe na unga wa ubuyu. Unga wake ni mchachu, una asidi, na ukiuweka kwenye ngozi inayowasha utajuta. Uweke kwenye juisi.

4. Siagi ya shea

Mti wake hauoti huku. Inayofika inatoka Uganda kaskazini au Afrika Magharibi. Ya Uganda ni laini zaidi, ya Magharibi ni ngumu na unahitaji kuisugua viganjani kwanza. Nzuri kwa visigino, viwiko na kovu lililokakamaa. Wanaoiuza kwenye makopo yasiyo na lebo mara nyingi wameongeza manukato, nawe unanunua hii ili uyakimbie.

5. Alovera

Alovera inatuliza. Ngozi iliyounguzwa na jua au inayowaka baada ya kunyoa inapata nafuu ndani ya dakika chache. Lakini ni maji zaidi kuliko kitu kingine chochote, na kwenye upepo wa Agosti yanakauka na kuiacha ngozi ikiwa imekaza kuliko mwanzo. Ipake kwanza, juu yake pitisha alizeti. Ndiyo maana nimeiweka chini.

Ukinunua jani bichi au kulikata uani, lisimamishe wima kwa dakika kama kumi na tano utomvu wa njano uchuruzike wote, kisha osha na umenye. Utomvu ule ndio unaowasha, ute wa ndani usio na rangi ndio unaoutaka. Na tahadhari moja ya huku kwetu: mashubiri mwitu yanayoota kwenye vilima na kando ya barabara ni aina nyingine, nyingi zina utomvu mkali, usiyachume kwa kufananisha. Jeli za kopo zenye rangi ya kijani iliyokolea zimetiwa rangi, kwani ute wa alovera hauna rangi. Kama pombe au manukato yametajwa mwanzoni mwa orodha ya viambato, rudisha rafuni.

6. Asali

Manyoni na Singida kuna asali nzuri mno. Hospitali zina asali maalumu iliyosafishwa kwa ajili ya majeraha, na kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina imeonekana kuponya haraka kuliko baadhi ya vifungio vya kawaida. Tatizo ni kwamba watu wanahamisha sifa hiyo kwenye asali ya sokoni. Asali ile haijaondolewa vijidudu, na kwenye kovu lililokwishafunga kazi yake ni ndogo: inavuta unyevu kidogo, inanata, inaleta vumbi. Robo saa usoni halafu uoshe, sawa. Zaidi ya hapo, inywe na chai. Mtoto chini ya mwaka mmoja asiilambe kabisa.

Mlonge, ufuta na nyonyo ni vilainishi vya kawaida tu, sina ugomvi navyo. Mwarobaini una harufu kali na huwasha wengi, usianze nao.

Vya kuacha, hata ukipewa bure

Vidonge vya vitamini E vinavyotobolewa na kupakwa kovuni vimeenea sana. Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta havikuboresha makovu, na theluthi ya waliotumia walipata mzio wa ngozi palepale walipopaka. Limau na ndimu zinaunguza, na ukitoka juani baada ya kupaka zinaweza kukuachia malengelenge na doa jeusi kuliko ulilokuwa nalo. Magadi soda na dawa ya meno zinavuruga ngozi bila faida yoyote. Mafuta ya karafuu na ya mchaichai ni makali mno kwa ngozi hii.

Na mkorogo. Dada zangu na kaka zangu, naomba mnisikilize hapa. Kovu jeusi linamsukuma mtu mzima kabisa kununua kopo lisilo na jina. Ndani yake kunaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na ngozi inakonda, inatoa mishipa, inachanika kwa kugusa. Zebaki inafika mpaka kwenye figo. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Tafuta alama yake, orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe. Kikikosekana kimoja, usilipe.

Kabla ya kupaka kovu lenyewe

Chochote ulichonunua, paka kidogo kwenye mkunjo wa ndani wa mkono, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Pakiwasha au pakitoa vipele, achana nacho. Jaribu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichokuletea shida. Kitu chenye kiambato kimoja ni rafiki wa ngozi hii kuliko mchanganyiko wa vitu kumi.

Kovu lako lilinde na jua. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ndilo linaloyafanya makovu yaive na kuwa meusi. Kanga, mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya kuzuia jua isiyo na manukato kwa sehemu zisizofunikika. Hakuna mafuta katika orodha hii yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Kovu likianza kunyanyuka, kuuma, au kutambaa nje ya mipaka ya kidonda cha awali, hilo ni kovu la kuvimba. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, na mafuta hayaliwezi. Famasia ulizia jeli au plasta ya silikoni, ambayo huvaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi 2 hadi 3 au zaidi, na hospitali wanaweza kulichoma sindano. Kovu la moto linalokunja kiungo lisisubiri hata wiki. Na baka lolote lililopauka ambalo ukiligusa na pamba hulisikii, usilipake kitu: nenda kituo cha afya upimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na ukiwahi unapona kabla mkono au mguu haujapata ulemavu.