Mstari mwekundu haujui ulitaka kusema nini

Nilimtumia mteja orodha ya bidhaa kwa Kiingereza, kichwa chake kikiwa 'Stationary'. Akajibu kwa adabu zote: "Kumbe haviendi popote? Basi nitavifuata mwenyewe." Ndipo nikang'amua. Karatasi, bahasha, kalamu na wenzao ni 'stationery', kwa e. Nilichoandika mimi, kwa a, ni kitu kilichosimama tuli. Na kikagua tahajia kilichomo ndani ya programu yangu ya kuandikia, ninachokiamini miaka nenda miaka rudi, hakikuweka hata nukta.

Jioni ile nikaamua kukipa mtihani. Niliandika ukurasa mmoja wa makosa ya makusudi, yote ya aina ninazozifanya mwenyewe, nikakaa kutazama lipi litapigiwa mstari.

Sifa zake kinazo. Neno lisilokuwepo hakiliachi. 'Accomodation' yenye m moja, 'seperate', 'recieve', 'definately': yote yalipata mstari mwekundu kabla sijamaliza sentensi. Kwa sisi tuliozoea lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, hii ni nafuu kubwa. Sikio halitakuambia kwamba 'debt' ina b. Waingereza wenyewe waliliazima neno hilo kutoka Kifaransa likiwa halina b. Wasomi wakaja kuichomeka baadaye ili lifanane na la Kilatini. Herufi ya mapambo tu, na mimi ndiye ninayehenya nayo.

Ila kazi yake hasa ni kulinganisha neno na orodha iliyonayo. Likiwemo, limepita. 'Form' mahali pa 'from', limepita. 'Loose' mahali pa 'lose', limepita. Barua iliyoanza 'Dear Manger' ikapita vilevile, meneja wa watu akaamkiwa kwa jina la hori la kulishia ng'ombe. (Kuna na 'public', ambayo l yake ikidondoka... anayejua anajua.)

Mapendekezo yake nayo ni ya kuangalia mara mbili. Niliiharibu 'definitely' kupita kiasi, kikaniwekea 'defiantly' juu kabisa. Ukibonyeza kwa haraka, umeshamwahidi mtu kwamba utahudhuria mkutano wake kwa ukaidi. Ugonjwa huu ni wa zamani. Vikagua tahajia vya mwanzo, ambavyo orodha zake zilikuwa na 'co-operation' yenye kistari peke yake, vilikuwa vikipendekeza 'Cupertino' kwa mtu aliyeandika 'cooperation'. Cupertino ni mji wa California, na jina lake likajikuta ndani ya nyaraka za mashirika ya kimataifa, pale palipotakiwa ushirikiano.

Toleo nililonalo lina pia mstari wa buluu wa sarufi. Huo ulikamata 'your welcome' na 'could of', nikafurahi. Kisha ukanisahihisha mahali nilipokuwa sahihi. Niliandika 'to effect a change', kuleta mabadiliko. Ukataka niweke 'affect'. Ni kweli kwamba mara nyingi 'affect' ni kitenzi, kuathiri, na 'effect' ni nomino, athari. Lakini 'effect' huwa kitenzi pia, na hapo maana yake ni kulifanya jambo litokee. Ningeufuata, mabadiliko niliyotaka yaletwe yangeishia kuathiriwa tu. Papo hapo, kwenye sentensi niliyoiga kutoka mkataba wa mkopo, 'principle amount' iliachwa ipite kama bibi harusi. Fedha yenyewe iliyokopwa ni 'principal'. 'Principle' ni kanuni au msimamo. Katika barua ya kawaida utachekwa, katika mkataba utaitwa.

Lawama moja ni yangu. 'Occured' yenye r moja haikupigiwa mstari, nikashangaa, mpaka nilipofungua kamusi binafsi ndani ya mipangilio na kuikuta humo imetulia. Siku moja nilibonyeza 'ongeza kwenye kamusi' nikidhani nasahihisha. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Angalia pia kimewekwa Kiingereza cha wapi: changu kilikuwa cha Marekani, kikaisumbua 'colour' hadi nikachoka.

Nyota tatu kati ya tano. Kile cha kujirekebisha chenyewe bila kuuliza nimekizima.

Watu hushauri usome kwa sauti kabla ya kutuma. Inasaidia kwa 'form' na 'from'. Kwa 'their' na 'there' ni kazi bure, yote yanasikika sawa. Mimi nimebandika pembeni ya skrini kikaratasi chenye maneno kumi na moja yanayonishinda, na kabla ya kutuma chochote nayaingiza moja moja kwenye kisanduku cha kutafuta. Kwenye orodha ya juzi, 'stationary' ilitokea mara mbili.